Kasiye Tuliyoibeba kwa Mzee Salvator

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Alfajiri mvua ilinyesha kwa fujo, halafu jua likatoka kama vile halikuhusika na jambo lolote. Tereni ya Nyakabiga, uwanja wetu wa basketi, itakuwa inateleza kama sabuni. Fagieni maji kwanza, ndipo watoto wakimbie.

Vijana wangu mnaofundisha timu siku hizi, jana mlinikuta kibarazani mkaniuliza: "Kocha, Jumapili tunaenda kwa baba ya Kevine. Hataki mutoto aende chuo. Tumuambie nini?" Nikawajibu kwamba nitafikiri. Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo, ila niliogopa kulisema vibaya. Mimi shule niliachia darasa la sita, na hata hilo la sita hatukuwa tunaelewana. Kwenye karatasi angalau mtu anaweza kufuta.

Neno la kwanza, na mkisahau mengine yote shikeni hili: msibebe kasiye. Ile kreti ya bia na fanta, iacheni dukani.

Nitawaeleza sababu, lakini itabidi nizunguke kidogo. Mke wangu, Mama Landry, ameketi hapa karibu anachambua maharage, na kila nikiandika mstari anasema, "Uandike na ile."

Mchana nilikuwa mtu wa stoo kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, nafungua na kufunga ghala la magunia. Jioni nilikuwa kocha wa basketi ya wasichana. Ile ya mchana ilinilisha, ile ya jioni ilininyima usingizi, na nikiulizwa kazi yangu ilikuwa gani nasema ile ya jioni. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna anayetoka benchi kuingia kwenye mchezo kabla ya kujibu swali moja la shule. Sheria nzuri sana, ila ilikuwa na tundu: majibu mimi mwenyewe sikuyajua. Basi nilikuwa naangalia nyuso. Niligundua kwamba anayejua anaangalia chini, na anayetunga anaangalia ringi.

Mbinu hiyo ilifanya kazi mpaka alipokuja Goreth. Mrefu, mabega ya kubeba maji, na mipira yote inayorudi kwenye ubao ilikuwa yake. Huyo alikuwa anatunga huku ananiangalia machoni kama hakimu. Siku moja nikamuuliza moyo una vyumba vingapi.

"Ya mutu iko na nne, Kocha. Ya ng'ombe iko na sita."

"Kwa nini sita?"

"Sababu ng'ombe inakula sana."

Nikamruhusu aingie. Kesho yake nikawafundisha wenzangu wote wa depo, kule ghalani, habari za moyo wa ng'ombe, na wengine walikwenda kuwafundisha watoto wao.

Aliyenifumbua macho ni Desire, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba nyuma ya tereni. Alikuja kuulizia mpira uliopiga dirisha lake, akakuta Goreth anajibu swali jingine kwa utulivu uleule. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye simenti. Nikamwambia, "Kwa kuwa unacheka, basi kaa hapahapa." Akakaa miaka. Akawa yeye ndiye anauliza maswali, na jioni mbili kwa wiki anawafundisha chini ya taa ya duka la mkate. Sitaki kusema ni mimi niliyemtafuta. Ni dirisha.

Nami nilikuwa na kitu changu cha kumfundisha. Ukimwona mchezaji anafunga kamba za viatu muda mrefu, hajala. Anaogopa kusimama. Basi kabla ya swali kulikuwa na kiazi kitamu. (Aliyechemsha viazi hivyo miaka yote ni Mama Landry. Nimeandika na ile.)

Goreth alipopita mtihani wa taifa, alama zake zilikuwa za kutembea, si za kuruka. Lakini chuo kimoja cha binafsi, juu kule Kinanira, kilikuwa kinatafuta wasichana wa timu yake, na kocha wao alikuwa amemwona anacheza. Wakasema: masomo bure, kitanda, na sahani ya chakula. Sharti lao ni kwamba mzazi aje mwenyewe Jumatatu asubuhi kutia sahihi. Asipokuja, nafasi inakwenda kwa msichana wa mtaa mwingine. Na huyo mwingine alistahili pia, nisifiche. Alitufunga mara nyingi.

Baba yake Goreth, Mzee Salvator, alikuwa mpakizi wa magunia kulekule Zone Industrielle. Tulijuana kwa macho. Goreth alipomwambia habari ya chuo alijibu neno moja tu: apana. Siku hiyo msichana alikuja tereni, akala kiazi chake chote, halafu akainama kufunga kamba za viatu. Akafunga, akafunga, akafunga.

Nikamtuma aseme nyumbani kwamba Jumapili alasiri Kocha atakuja na watu wawili kuzungumza habari yake.

Sasa nisikilizeni jinsi mtu mwenye nia njema anavyoharibu. Nilijiambia: mzee wa watu hawezi kufuatwa mikono mitupu, nikanunua kasiye. Nikajiambia: mzee wa watu hawezi kufuatwa na shati la stoo, nikavaa koti nililooa nalo. Nikajiambia: mimi sijui kuongea, nikamchukua Tharcisse, mwandishi wetu wa pointi, ambaye nusu ya ndoa za Nyakabiga ni yeye aliyezisemea. Na Desire alikuwa ametoka kwaya moja kwa moja, na tai shingoni, viatu vinawaka; kwa kuwa ni mdogo wetu, ndiye aliyebeba kasiye begani.

Hebu tazameni tena. Jumapili alasiri. Makoti. Msemaji wa harusi. Kijana mwenye tai. Kasiye.

Ninyi mmeshacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza Jumatatu. Hata mama muuza makaa wa pale kona alipopiga vigelegele, nilidhani anatupongeza kwa mechi ya wiki iliyopita. Nikampungia mkono.

Kwa Salvator viti vilikuwa vinatoka kwa majirani kama mchwa baada ya mvua. Mwenyewe alikuwa ndani, akatoka amebadilisha shati. Dada yake mkubwa, Shangazi Pascasie, alikuwa anapita na beseni la maparachichi. Alipotuona tu alitua beseni, akachukua kiti cha mbele.

"Hapa mutoto haitoke bila shangazi," akasema, akafungua chupa ya kwanza kwa kutumia ya pili.

Watu wakanywa. Majirani wakaja na vikombe vyao wenyewe. Tharcisse akasimama, akakohoa. Nilikuwa nimemsihi njiani aseme kwa kifupi: chuo, Jumatatu, sahihi. Lakini kumpa Tharcisse viti vya mstari halafu kumwambia aseme kwa kifupi ni kumfungulia mbuzi bustani ukamwomba aangalie tu.

"Wazee wetu," akaanza, "sisi ni wapita njia. Tulipita karibu na boma yenu, tukaona ndama moja jike, inatembea vizuri, tukasema, apana, hatuwezi kulala."

"Ndama?" akasema Salvator. "Hapa tuko na kuku tu. Mumepotea njia."

Watu wakapiga makofi. Ndivyo desturi ilivyo, mwombaji anaomba na mwenye nyumba anakana. Mimi nikajiambia: anatukatalia chuo, lakini kwa adabu iliyoje!

Shangazi Pascasie hakuwa na subira ya mafumbo. Alimpima Desire kuanzia viatu mpaka tai. "Ni huyu? Mbona ni mwembamba hivi? We, unafanya kazi gani?"

"Bado ninasoma, shangazi."

"Anasoma! Na mutoto yetu atakula nini, vitabu?"

Nilimwona Desire akigeuka kunitazama polepole, kikombe mdomoni. Ndipo nami nikaelewa, wa mwisho katika uwanja mzima, kuku ukiwaacha. Kabla sijafungua mdomo, Goreth akatoka nyuma ya nyumba na mikono yenye povu la sabuni. Akaona makoti. Akaona kasiye. Akaona Desire. Akashika tumbo kwa kicheko.

"Papa! Hawa hawakuja kunioa! Wanakuja sababu ya chuo!"

Mama makaa, aliyetufuata kutoka kona, alikuwa katikati ya vigelegele. Alikatiza hapohapo, kama redio umeme unapokatika.

Salvator akasimama. "Kocha. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Kesho asubuhi chuo inamungoja..."

"Umeleta kasiye kwangu, Jumapili, mbele ya watu, na Tharcisse anataja ndama, sababu ya mupira?"

"Sababu ya heshima, mzee."

"Heshima! Na kesho mi nitapita njia gani? Watasema binti ya Salvator aliombwa na basketi!" Mtu akacheka nyuma ya ua, Salvator akageuka, ua ukanyamaza. "Chukueni kasiye yenu, muende."

Na alikuwa na haki. Niliandika hivyo kwenye daftari langu jioni ileile na leo naandika tena. Mtu amebadilisha shati kwa ajili yako, ameazima viti, ameita dada yake, halafu unamwambia ulikuja kwa jambo jingine.

Desire akainama kuchukua kasiye. Ikanyanyuka kwa urahisi mno. Chupa zote zilikuwa tupu, isipokuwa moja ambayo jirani mmoja alikuwa ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Salvator, kaa chini," akasema Shangazi Pascasie. "We umekunywa?"

"Nimeonja tu."

"Ile umeonja iko wapi?"

"Iko tumboni."

"Basi maombi umeshapokea. Kwa baba yetu, pombe ya kuomba ikishanywewa mutu hasemi tena apana. Anasema masharti. Kama muombaji ni chuo, na hiyo chuo ijibu kama bwana harusi. Tharcisse, simama!"

Tharcisse alisimama kama mtu aliyefufuliwa.

"Iko na nyumba?"

"Nyumba kubwa, shangazi, mabati mapya, juu Kinanira, upepo wa bure."

"Inakunywa?"

"Haijawahi kuonekana kilabuni."

"Inapiga?"

Tharcisse akafikiri. "Inapiga, sitaficha. Lakini mwezi wa mitihani tu."

"Na miaka yote hiyo ikiisha?"

"Inamurudisha kwenu, na diploma mkononi."

"Yeee!" Shangazi akawageukia majirani. "Mume ya kumurudisha mutoto kwao na kitu mkononi! Mi yangu ilinirudisha na sufuria, na mfuniko ikabaki nayo!"

Watu walicheka mpaka ua ukayumba. Mtu mmoja tu hakucheka. Salvator alingoja watulie, kisha akasema kwa sauti ndogo, na alikuwa ananiangalia mimi.

"Munacheka. Mi nauliza kitu moja. Mutoto akiolewa, mume iko na baba. Siku akifukuzwa, akipigwa, mi najua mlango gani nitagonga. Chuo iko na baba? Mwenzangu wa depo alipeleka binti yake huko juu. Akarudi na mimba, bila karatasi, na hakuna mutu hata moja alifungua kusema pole. Mi siogope mupira, Kocha. Mi naogopa kugonga ukuta."

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga siku mbili: kesho ya watoto wetu, mambo ya nchi, na kadhalika. Ikaondoka yote, na sijaiona tena mpaka leo. Goreth alikuwa amesimama mlangoni, povu limekauka mikononi, hacheki tena. Kesho asubuhi ilikuwa pale uwanjani pamoja nasi, imekaa kwenye kiti chake.

"Gonga kwangu," nikasema.

"Kwako wapi?"

"Nyuma ya duka la mkate, mlango wa bluu. Akifeli, gonga. Akinyanyaswa, gonga. Asiporudi nyumbani wikendi, usiniulize kama nimelala, gonga. Kama chuo ndiyo bwana harusi, basi baba ya bwana harusi ni mimi."

Nilipokuwa nasema nilisikia sauti ya Mama Landry kichwani. (Anasema sasa hivi kwamba ilikuwa sauti yake kweli, alisikia kutoka nyumbani. Hilo siwezi kuthibitisha.)

Salvator alinitazama kama wapakizi wanavyotazama gunia kabla ya kuliinua, kwa jicho tu, kukisia uzito. Halafu akasema: "Sina koti."

Nikavua langu. Lilikuwa dogo kwake. Jumatatu asubuhi alipanda Kinanira ameliacha wazi, mikono imekaa mbali na mwili kama amebeba kitu kila upande, akatia sahihi taratibu sana, jina lote. Goreth alikuwa nyuma yake. Kamba za viatu alizifunga mara moja tu.

Sasa, vijana, msidhani kazi iliishia kwenye sahihi. Hapo ndipo ilipoanza, na ilianza kwa kugonga. Salvator aligonga kila wiki. Aliniita "mukwe" na alikaa kama mkwe, miguu mbele, akingoja kupewa kitu. Siku moja alikuja amekunja uso.

"Mukwe, mutoto yetu ananyanyaswa kwenu."

"Na nani?"

"Na hesabu."

Unafanya nini? Mlango umegongwa. Nikamwendea Desire, na Desire, ambaye kwa wakati huo alikuwa amepata kazi na sababu zote za kukataa, akawa anapanda Kinanira kila Jumamosi na madaftari yake ya zamani.

Halafu mwaka wa pili goti likaumia. Wakaanza kusema mule chuoni kwamba kitanda kile ni cha mchezaji. Salvator aligonga nikiwa bado napiga mswaki. Tukapanda wote: mimi, Tharcisse, Salvator na lile koti, na Shangazi Pascasie na beseni lake. Tulikaa katika ofisi ya mkuu kama familia iliyokuja kuulizia binti yao. Mkuu alikuwa mtu mpole, na hoja yake haikuwa ya uongo: walikubaliana mpira kwa masomo, na mpira sasa haupo. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Mwanangu, we umeoa?"

"Ndiyo, mama."

"Bibi yako akiumia goti, utamurudisha?"

Mkuu akaangalia dirisha. Akasema abaki, lakini aandike pointi za timu, na asifeli somo hata moja. Goreth hakufeli. Wakati wa kutoka Shangazi alimuuzia mkuu maparachichi, bei ya Kinanira.

Kila ninapohadithia haya mtu anauliza kama Goreth aliolewa na Desire. Apana. Desire alimuoa msichana wa kwaya, Tharcisse akasema mpaka giza. Goreth anafundisha biolojia sekondari, na sasa anajua moyo wa ng'ombe una vyumba vingapi. Nami nimejua, kwa sababu alikuja mwenyewe kuniomba radhi. Ni vinne. Watu wa depo sijawaambia.

Nisiwadanganye kwamba wote walifika. Wengine mlango wangu haukugongwa kwa wakati, au uligongwa na mimi sikujua la kufanya. Mmoja aliyemzidi Goreth kwa mpira aliamua kuuza vitambaa sokoni. Ana maisha mazuri na ananisalimia kwa jina. Siwezi kusema alikosea. Na siku hizi ninyi mnatuma video kwa simu, chuo kinaona mchezaji bila kuvuka barabara. Hilo ni zuri kuliko letu. Ila video haimtoi baba nyumbani.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kuandika tena "msibebe kasiye" na kupiga mstari chini yake, mlango ukagongwa. Hodi ile naijua. Salvator. Alishastaafu kama mimi, binti yake yuko kazini na mshahara wake, lakini Jumamosi hajaacha kuja.

"Mukwe, unaandika nini?"

Nikamsomea yote. Kwenye ndama alicheka, kwenye koti akaniomba nirudie. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Pale mwanzo umekosea. Unawaambia batoto wasibebe kasiye."

"Lakini nilikuaibisha, mzee."

"Uliniaibisha, ndiyo. Siku nyingi, hata sikupita kwa yule wa makaa. Lakini sikiliza. Mutu ya maneno tu anakuja, anaongea, anarudi na maneno yake. Ungekuja hivyo ningekusindikiza mpaka kona, na asante. Ile kasiye ilinifunga mi, nisiseme apana. Na we ilikufunga, usinifungie mlango."

Nimefikiri tangu alipoyasema, na sijui kama ana haki yote au nusu. Sitayafuta maneno ya juu, maana niliyaamini nilipoyaandika. Naongeza haya chini yake, mchague wenyewe: kesho kwa baba ya Kevine bebeni kasiye mkitaka. Lakini kabla hamjatoka, kubalianeni ni mlango wa nani utagongwa, na mwenye mlango huo ndiye aibebe. Mkikosa mtu, bakini nyumbani. Koti liko kwangu, limepanuka mabegani.

Jioni tumekula maharage ya Mama Landry, mchicha wetu wa lengalenga na ugali wa muhogo. Salvator alisema maharage yamepungua chumvi, akaongezewa, akala yote.